Skuli ya Sera Iseme kwa Lugha ya Umma



Makala hii naiandika nikiwa Bustan, Maskati, nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama, nilikopitisha likizo. Bustan ni mahali padogo, pamebanwa na milima ya mawe upande mmoja na bahari upande wa pili. Ukiwa barabarani unaliona jengo la Majlis Oman, ambamo hukutana Baraza la Dola na Baraza la Shura. Ukiteremka ufukweni unaikuta hoteli ya Al Bustan Palace, iliyojengwa kwa ajili ya mkutano wa wakuu wa nchi za Ghuba wa mwaka 1985. Kijiji cha wavuvi kilichokuwa pale kilihamishwa kando ili kuipisha. Kwa mwanafunzi wa sera ya umma, hapa ni darasa tosha: nani aliamua, nani aliulizwa, nani alihama, nani alifaidika.

Jioni moja baada ya sala ya Magharibi bibi aliniuliza swali ambalo sikulitegemea.

"Mjukuu wangu, huko chuoni unasomea nini hasa?"

"Sera ya umma, bibi."

"Hiyo sera ndiyo kitu gani?"

Nimesoma sera ya umma miaka miwili na nimefaulu mitihani yake. Lakini mbele ya bibi, aliyezaliwa Unguja na kuzungumza Kiswahili umri wake wote, nilianza sentensi tatu na sikuimaliza hata moja. Kila neno lililonijia lilikuwa la Kiingereza. Mwisho nikasema, "Ni mipango ya serikali." Akaniuliza, "Basi si ndiyo siasa?" Nikamwambia hapana, siasa ni mambo ya vyama na kura. Akatikisa kichwa. "Sisi tukifundishwa kwamba mtu huambiwa jambo kwa siasa, ndiyo alifahamu."

Usiku ule nilifikiri sana, na nikaona kuwa bibi alikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko mimi. Katika Kiswahili cha zamani, kufanya jambo kwa siasa ni kulifanya kwa utaratibu, kwa upole na uangalifu. Neno limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ni ule ule wa saisi, mtunza farasi: mtu anayemwongoza mnyama mwenye nguvu bila ya kumvunja. Hata baadaye, neno hili lilibeba maana tunayoipa sera leo. Jina kamili la Azimio la Arusha la mwaka 1967 linataja "siasa ya TANU" juu ya Ujamaa na Kujitegemea, na tafsiri yake ya Kiingereza ikaandika hapo neno la sera. Sera na siasa zilikuja kutengana katika matumizi ya siku hizi. Haya yote ningeweza kumweleza bibi, na mazungumzo yangekuwa mazuri. Sikuyaeleza kwa sababu darasani hakuna aliyewahi kutufundisha kwamba maneno ya fani yetu yana historia katika Kiswahili.

Hoja yangu ni hii. Skuli ya sera iliyo ndani ya chuo cha umma, katika mji unaosema Kiswahili, ifundishe angalau sehemu ya masomo yake kwa Kiswahili, na kila inapoandika juu ya wananchi iwaandikie pia wananchi wenyewe. Na kazi ya kuisaidia ifike huko ianze na sisi, watu wa Kiswahili, bila ya kusubiri waraka wa serikali.

Tulikotoka

Wengi wetu tumevuka pantoni kwenda Kigamboni bila ya kujiuliza juu ya chuo kilichopo ng'ambo ile. Chuo cha Kivukoni kilifunguliwa mwaka 1961, mwaka wa uhuru wa Tanganyika. Kilifuata mfano wa Ruskin College ya Oxford, iliyoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanyakazi ambao milango ya chuo kikuu ilikuwa imefungwa kwao. Joan Wicken, Mwingereza aliyekuja kuwa msaidizi wa Mwalimu Nyerere kwa miaka mingi, alikuwa miongoni mwa waliokiasisi. Wazo lake lilikuwa kubwa: mtu mzima ambaye hakupata sekondari apate mahali pa kusoma uchumi na utawala, kisha arudi kwao akashiriki kuijenga nchi.

Huo ndio mfano wetu wa mwanzo wa skuli ya mambo ya umma iliyofunguliwa mjini kwa ajili ya watu wa kawaida. Lakini safari yake inafundisha pia jambo la pili. Katika miaka ya 1970 Kivukoni kilikuwa chuo cha itikadi ya chama. Baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992 kilibadilishwa tena, na mwaka 2005 kikawa Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, ambacho kina tawi Bububu, Unguja.

Miaka hiyo ya 1970 ndiyo iliyokuwa miaka ya Kiswahili katika sera. Siasa ni Kilimo, Madaraka Mikoani, Kilimo cha Kufa na Kupona: sera zilikuwa na majina ambayo mkulima aliyaelewa mara moja. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilipita redioni na katika vikundi vya kusoma, ikawafikia watu wazima wapatao milioni 2, wakachimba vyoo na kusafisha visima. Hakuna aliyehitaji mkalimani.

Nisiseme nusu ya ukweli. Mwaka huo huo wa 1973 ilitolewa amri kwamba kuishi katika vijiji ni lazima, na Operesheni Vijiji ikawahamisha mamilioni ya watu, wengine kwa nguvu. Amri ile nayo ilikuwa kwa Kiswahili, tena Kiswahili fasaha. Lugha ya umma ilitumika, lakini ilitumika kuuambia umma, na nafasi ya umma kujibu ilikuwa ndogo. Chuo ambacho kingeweza kuwafundisha watu kuihoji sera kwa lugha yao wenyewe kilikuwa kimeshapewa kazi ya kuieneza.

Tulipo

Leo hali imepinduka. Tunavyo vyuo vinavyofundisha kuhoji. Mzumbe ilianza mwaka 1953 kama skuli ya serikali za mitaa chini ya Waingereza, mwaka 1972 ikawa chuo cha uongozi wa maendeleo, na mwaka 2001 ikawa chuo kikuu. Zanzibar kuna Chuo cha Utawala wa Umma kule Tunguu. Kenya chuo cha utawala cha Kabete, kilichoanza mwaka 1961, kilipewa sura mpya mwaka 2012 na sasa kinaitwa Kenya School of Government. Katika vyuo vikuu vyetu mwanafunzi anafundishwa kupima gharama na faida, kuuliza nani amebeba mzigo, kutafuta ushahidi kabla ya kutoa pendekezo. Lakini yote hayo anafundishwa kwa Kiingereza, na anapotoka chuoni anakwenda kufanya kazi na watu wanaozungumza Kiswahili.

Kwa hivyo tulikuwa na sera kwa Kiswahili bila ya skuli ya kuihoji, na sasa tuna skuli za kuhoji zisizosema Kiswahili. Umma haujawahi kupata vyote viwili kwa pamoja.

Angalieni mfano wa Zanzibar. Tangu mwaka 2020 kuna sera ya uchumi wa buluu, na kuna wizara yake. Jina hilo limetafsiriwa neno kwa neno kutoka lugha nyingine. Mwanamke wa Paje au Jambiani anayelima mwani anaijua bahari kwa saa zake za maji kujaa na kutoka, kwa majina ya pepo, kwa kambaa na vigingi. Ukimwambia "uchumi wa buluu" itabidi kwanza umweleze jina, kisha ndipo umweleze jambo. Na wakati unaoutumia kumweleza jina ndio wakati ambao yeye angekuwa anakueleza kwa nini mwani wake unaoza maji yanapokuwa ya moto, na kwa nini bei haipandi. Anayeulizwa maoni kwa maneno asiyoyamiliki hujibu kwa heshima, hukubali, kisha hurudi nyumbani na aliyokuwa nayo moyoni.

Tena tusidhani kwamba watu wetu hawawezi kuchambua sera. Julai 2021, Tanzania ilipoanza kutoza miamala ya fedha kwa simu, kiwango kikiwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, nchi nzima ilijadili. Mama lishe, bodaboda, wakala wa fedha, wote waliuliza maswali ambayo sisi huulizwa katika mtihani. Je, fedha hii haikuwa imeshakatwa kodi? Kwa nini anayetuma kidogo aumie zaidi? Je, watu wakirudi kubeba fedha mkononi serikali itapata nini? Watu walitenganisha tozo na kodi kwa ufundi ambao vitabu vingi havina. Baada ya miezi michache kiwango kilipunguzwa, na mwaka uliofuata kikapunguzwa tena.

Kenya mwaka 2024 iliwapa vijana wenzetu somo kubwa zaidi. Muswada wa Fedha ulikuwa mrefu, kwa Kiingereza cha kisheria. Vijana waliusoma, wakaueleza kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za makwao, wakausambaza kwa simu. Juni 25 waandamanaji waliingia bungeni, na watu walipoteza maisha. Kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Ndugu zangu, ile ilikuwa kazi ya skuli ya sera, iliyofanywa na watu wasiolipwa, kwa haraka, katikati ya hatari. Ingekuwa imefanywa mapema, kwa utulivu, na taasisi zinazolipwa kwa kodi ya wananchi, pengine mazungumzo yangefanyika mezani kabla ya kufanyika barabarani.

Mfano kutoka mbali

Wapo watakaosema kwamba ninachotaka hakifanyiki popote. Basi tuitazame New York. Mwaka 1847 wakaazi wa mji ule walipiga kura kuanzisha chuo cha bure kwa watoto wa watu wasio na fedha. Chuo hicho ndicho kilichokuja kuwa City College, na kwa zaidi ya karne moja, hadi mwaka 1976, hakikutoza ada ya masomo. Colin Powell, mtoto wa wahamiaji kutoka Jamaika, alihitimu hapo mwaka 1958, na mwaka 2013 chuo kikafungua skuli ya uongozi wa kiraia yenye jina lake. Jirani yake, Baruch College, chuo kingine cha umma cha mji huo huo, kina skuli ya mambo ya umma inayoitwa Marxe.

Skuli hizo zinafundisha kwa Kiingereza, na sitafuti kuzipamba. Ninachokitaja ni mji unaozizunguka. Sheria ya mji wa New York ya mwaka 2017 inazitaka idara zinazowahudumia watu zitafsiri nyaraka zao muhimu kwa lugha 10, Kiarabu, Kibengali na Kihaiti zikiwemo. Mji wenye lugha zaidi ya mia moja umeona kwamba mtu hawezi kudai haki asiyoweza kuisoma. Sisi, ambao miji yetu kama Dar es Salaam na Unguja inasikilizana kwa lugha moja, bado tunaandika ripoti ya maji ya mtaa fulani kwa lugha ambayo mwenyekiti wa mtaa ule hawezi kuisoma. New York inalipa gharama ya lugha kumi. Sisi tunashindwa na moja, nayo ni yetu.

Wanaopinga

Hoja ya kwanza ya wanaopinga ni istilahi: Kiswahili hakina maneno ya fani hii. Jibu limo katika chuo chetu wenyewe. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianza mwaka 1970, na isimu ikafundishwa kwa Kiswahili ingawa maneno yake mengi hayakuwapo. Fonimu, mofimu, ngeli, kirai, kishazi: yaliundwa, yalikopwa, yalibishaniwa, leo tunayatumia bila ya kufikiri. Istilahi huja baada ya kazi kuanza. Hata BAKITA na BAKIZA haziwezi kusanifu maneno ambayo hakuna anayeyatumia.

Hoja ya pili ni ajira. Mashirika yanataka ripoti kwa Kiingereza, na anayejua Kiswahili tu ataachwa nyuma. Hili ni kweli, na ndiyo maana sisemi Kiingereza kiondolewe. Nasema mhitimu wa sera aweze kuandika kurasa mbili kwa Kiswahili ambazo diwani atazisoma na kuzielewa. Tangu mwaka 2021 sheria za Tanzania zimetakiwa kuwa kwa Kiswahili, na mahakama nazo. Bunge linajadili bajeti kwa Kiswahili. Mtaalamu asiyeweza kuandika kwa lugha ya bunge lake naye ana upungufu wa kitaaluma, ila upungufu huu hatuuwekei alama.

Hoja ya tatu ndiyo inayonisumbua zaidi. Kiswahili si lugha mama ya kila mtu. Bibi kizee wa Kimaasai, au mkulima wa Karamoja, anaweza kukiona Kiswahili kuwa lugha ya ofisi kama kilivyo Kiingereza. Hapa Oman nako lugha ya dola ni Kiarabu, na haki yake hiyo siipingi. Sina jibu kamili. Najua tu kwamba aliyezoea kuitoa sera kutoka Kiingereza kuiingiza katika Kiswahili cha kueleweka ameshajifunza nusu ya kazi ya kuipeleka katika Kimaasai au Kikaramojong. Asiyejifunza hatua ya kwanza hataifikia ya pili.

Tufanye nini

Napendekeza mambo manne, yote yako ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, kila tasnifu ya sera katika chuo chetu iwe na muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, na mwandishi aende kuusoma mbele ya watu aliowahoji. Wasiposikia wanachokifahamu, kazi irudiwe.

Pili, walimu wa Kiswahili na walimu wa sera wafundishe pamoja kozi moja ya kuandika sera kwa Kiswahili. Walimu wetu, nyinyi mnajua kusahihisha sentensi, wao wanajua kusahihisha hoja. Sisi tunahitaji vyote viwili.

Tatu, chama chetu kila mwaka kichukue waraka mmoja wa serikali, tuuandike upya kwa lugha nyepesi na kuuchapa katika gazeti hili. Mashairi na mijadala ya ngeli ibaki, nami naipenda. Lakini chama cha Kiswahili kisichogusa maneno yanayoamua bei ya maji kinajinyima sehemu kubwa ya lugha yake.

Nne, na hili linatoka hapa nilipo. Baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos aliposhika nchi na kuwaita Waomani waliokuwa ng'ambo, wengi walirudi kutoka Zanzibar na sehemu nyingine za Afrika Mashariki. Wenye elimu miongoni mwao waliingia katika wizara zilizokuwa zinaanza, wakasaidia kuzisimamisha ofisi, mahospitali na maskuli, huku wengine Kiarabu chao cha kuandika kikiwa bado kichanga. Mjomba wa mama yangu alikuwa mmoja wao. Ukikaa naye atakueleza kwa Kiswahili namna jalada lilivyozunguka, nani alikuwa akisikilizwa, kwa nini jambo fulani lilifanikiwa na jingine likakwama. Hayo ni maarifa ya utawala wa umma, yamo katika Kiswahili, na hayamo katika kitabu chochote nilichopewa kusoma. Wazee hawa wanapungua kila mwaka. Wanachama wenye jamaa Maskati, Unguja, Mombasa na Dar es Salaam tukae nao tukiwa na kinasa sauti, tuwaulize, tuandike.

Kabla ya kufunga makala hii nilirudi kwa bibi. Nilimwambia: "Bibi, sera ni uamuzi wa wenye mamlaka juu ya jambo linalowagusa watu wote: nani apate, nani atoe, na nani aulizwe kwanza. Kama kile kijiji kilipohamishwa kupisha hoteli."

Akafikiri kidogo. "Na wale wavuvi, waliulizwa?"

Nikamwambia sijui, lakini hilo ndilo swali ninalosomea. Akasema, "Basi kaulize. Tena uliza kwa siasa."